Mke wa Shakespeare na Kijisanduku Kitupu

Nyanya yangu alipofariki mwaka jana, familia ilichukua dakika mbili tu kuamua kwamba mimi ndiye nitakayeandika wasifu wa marehemu. "Si wewe ndiye mwandishi?" mjomba akauliza, na katika sauti yake nikasikia pia lile ambalo hakulisema: chuo uliacha mwaka wa pili, basi angalau tufanyie hili. Nikakaa chini na kalamu. Jina, sawa. Mwaka wa kuzaliwa: kitambulisho kilisema 1945, lakini kifungua mimba wake alizaliwa 1957, kwa hivyo hapo kuna karani aliyekisia. Jina la baba yake wote walilijua. Jina la mama yake? Kimya. Watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyelijua.

Wiki hiyo nilikuwa nikisoma Hamnet, riwaya ya Maggie O'Farrell iliyotoka 2020, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuihakiki. Inamhusu mke wa William Shakespeare. Sisi tuliokutana na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili cha Nyerere tunamfahamu mume. Mke hatukuwahi kuambiwa hata kama yupo.

Hebu tuanze na makaratasi, maana ni machache. Anne Hathaway alizaliwa karibu na Stratford, Uingereza, yapata 1556. Twajua hivyo kwa sababu bamba lililo kaburini mwake linasema alifariki tarehe 6 Agosti 1623 akiwa na miaka 67. Ubatizo wake haumo kitabuni: rejista ya kanisa la Stratford inaanza 1558. Yaani alichelewa kwa kuwahi. Baba yake, Richard, mkulima wa kijiji cha Shottery, aliandika wosia mwaka 1581 akamwachia binti yake pauni 6, shilingi 13 na peni 4, alipwe siku ya kuolewa. Lakini katika wosia huo binti anaitwa Agnes, si Anne. Mwaka uliofuata, Novemba 1582, karani wa askofu wa Worcester aliandika kibali cha ndoa ya Shakespeare na "Anne Whateley" wa Temple Grafton. Kesho yake hati ya dhamana ya ndoa hiyo hiyo ikamtaja Anne Hathwey wa Stratford. Siku mbili, majina mawili. Wengi wanaamini karani alikosea tu, lakini wako waandishi waliochukua kosa hilo wakaumba mwanamke mzima, mpenzi aliyeachwa kwenye mataa. Kalamu ya karani ikiteleza, mtu anazaliwa.

Ukitazama makaratasi hayo kwa pamoja utaona jambo moja. Mwanamke huyu anaandikwa mali inapohama mikono: baba anapomwachia pesa, wanaume wawili wanapomwekea mume dhamana ya pauni 40, na mume anapomwachia kitanda cha pili kwa ubora katika wosia wa 1616. Mti wake wa ukoo umeshonwa kwa risiti za wanaume. Na mama aliyemzaa? Hamna. Wosia wa Richard unamtaja mke aitwaye Joan, ambaye kwa kawaida huchukuliwa kuwa mama wa kambo. Kijisanduku cha mama mzazi kiko wazi hadi leo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

O'Farrell anakijaza kijisanduku hicho kwa msitu. Katika riwaya yake mama ni mwanamke aliyetoka porini, watu wakamwogopa, akafa akijifungua. Binti anarithi uwezo wa ajabu: anafuga kozi, anajua kila mti-shamba, akikubana nyama kati ya kidole gumba na cha shahada anakusoma wewe mzima pamoja na kesho yako. Ni kurasa nzuri, sikatai. Kifo cha Hamnet, mwana aliyezikwa Agosti 1596 akiwa na miaka 11, kimeandikwa kwa namna iliyonifanya nisome mkono ukiwa mdomoni. Pia nampa heko kwa maamuzi mawili. Kwanza, anamwita Agnes, jina alilotumia baba yake. Pili, hamtaji Shakespeare kwa jina hata mara moja. Ni mume, ni baba, ni mwalimu wa Kilatini. Kwa mara moja, mwanamume ndiye anayetambulishwa kwa jamaa zake.

Lakini lile la msitu linanisumbua. Mbona mwanamke asiyejulikana lazima awe mganga? Ni kana kwamba tukikuta kijisanduku kitupu hatuwezi kuvumilia kwamba huenda alikuwa mtu wa kawaida, aliyekanda unga, akagombana na jirani, akafa. Lazima tumlipe fidia ya miujiza.

Germaine Greer, katika Shakespeare's Wife cha 2007, anapita njia nyingine. Anawauliza majirani. Anafukua rejista na wosia za wanawake wengine wa Stratford: waliolewa wakiwa na umri gani, walitengeneza kimea cha pombe vipi, waliishije waume wakiwa mbali. Anaonyesha kwamba bibi harusi wa miaka 26 hakuwa kituko, na kwamba mimba kabla ya ndoa, kama ile ya Susanna aliyebatizwa Mei 1583, haikuwa ajabu pale. Hii ndiyo kazi ninayoiheshimu. Tatizo ni kwamba Greer naye anachoka kusubiri. "Huenda" zinarundikana mpaka Anne anakuwa mfanyabiashara hodari ambaye pengine hata alisaidia tamthilia za mumewe zichapishwe. Mmoja anampa uganga, mwingine anampa biashara. Wote wawili wanahisi lazima astahili ndipo tumkumbuke.

Na mti wenyewe unaishia wapi? Unaishia haraka. Susanna alizaa binti mmoja, Elizabeth, aliyefariki 1670 bila mtoto. Judith, pacha wa Hamnet, alizaa wavulana watatu na akawazika wote. Hakuna mtu leo anayeweza kusema ametoka tumboni mwa Anne. Kwa hivyo hatumtafuti kwa ajili ya urithi. Tunamtafuta kwa sababu alikuwepo, na hiyo inatosha.

Nikirudi kwa wasifu wa nyanya: nilijaribiwa, bana. Rasimu ya kwanza ilisema alitoka katika ukoo wa wanawake shupavu. Nilikuwa nimeutoa wapi ushupavu huo? Nikaufuta. Nikaandika jina la baba yake, kisha nikaandika kwamba jina la mama yake hatulijui, na kwamba anayelijua atuambie. Mjomba alipoisoma alisema inatuaibisha mbele ya watu. Nikamwambia ni kweli, inatuaibisha. Ikachapishwa hivyo hivyo.

Baada ya mazishi, wakati wa chakula, ajuza mmoja wa kijiji cha pili alinishika mkono. Aliulizia ni nani aliyeandika ile karatasi. Akaniambia yeye na mama ya nyanya walikuwa wakiteka maji mto mmoja, yeye akiwa bado msichana mdogo, na akanitajia jina. Halafu akasita, akasema labda lilikuwa la dada yake.

Nimeliandika kwa penseli. Jumamosi ijayo narudi kwake na maswali zaidi, kabla hajachelewa yeye au mimi.