Siberia na Gwassi: Jina la Mahali kama Sitiari ya Uhamisho

Katika uhakiki wa fasihi, "Siberia" imekwisha kuvuka mipaka ya jiografia. Dola ya Urusi iliwapeleka huko wafungwa wake kwa karne kadhaa. Dostoevsky mwenyewe alifungwa Omsk tangu 1850 hadi 1854. Jina la nchi likageuka jina la adhabu, na sifa yake moja, yaani baridi, ikabebeshwa maana yote ya kutengwa.

Sitiari hii inapoazimwa katika Kiswahili huja na dhana isiyotamkwa, kwamba baridi ni ugeni. Historia ya Kericho na Bomet yaipindua dhana hiyo. Kwa sheria ya kuwaondoa "Walaiboni" ya mwaka 1934, serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wapatao 700 wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Waliacha nyuma yao vilima vya ukungu na mvua, vinavyostawisha chai. Walikokwenda walikuta joto, malaria na mbung'o. Kwao baridi ilikuwa nyumbani, na joto ndilo lililokuwa uhamisho.

Hata jina la sheria hiyo lastahili kuhakikiwa. "Laiboni" ni neno lenye asili ya Kimaasai. Wakipsigis humwita kiongozi wao huyo *orkoiyot*. Waliofukuzwa walihukumiwa kwa jina la lugha nyingine.

Neno "uhamisho" nalo lina nyuso mbili. Ni barua ya mtumishi wa serikali anayebadilishiwa kituo. Ni masaibu ya Wayahudi huko Babeli pia. Uso wa kiofisi huuficha ule wa msiba. Ndiyo maana msanii hukimbilia jina la mahali: Babeli, Siberia, Gwassi.

Hata hivyo, sitiari ya namna hii ina dhuluma yake. Gwassi ni kwao Wasuba, kama Siberia ilivyo kwao Wayakuti na Waevenki. Kuifanya nchi kuwa alama ya adhabu ni kuitazama kwa jicho la aliyepelekwa huko kwa nguvu, na kuwasahau waliozaliwa humo.

Mwaka 2022 madai ya Watalai na Wakipsigis dhidi ya Uingereza yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Katika madai kama hayo Gwassi si sitiari tena, bali ni ushahidi. Mhakiki anayekutana na jina la aina hii hana budi kuuliza kwanza: hapa ni nyumbani kwa nani, na ni nani aliyempeleka nani?