Kitalu cha Besiboli

Wamarekani huziita ligi ndogo za besiboli "shamba", kwani humo ndimo wachezaji wanamokuzwa. Branch Rickey ndiye aliyeujenga utaratibu huo kwenye timu ya St. Louis Cardinals, kuanzia miaka ya 1920. Leo anayecheza Out of the Park Baseball, gemu la kompyuta la Mjerumani Markus Heinsohn lililotoka mara ya kwanza mwaka 1999, hukabidhiwa shamba zima alilime atakavyo. Wengi hukimbilia ligi kuu, kwenye majina na mishahara. Fundi huanzia kitaluni.

Kwanza hupiga hesabu ya nafasi. Timu 30 zikichagua vijana kwa raundi 20, wageni 600 huingia kila mwaka. Mbele yao kuna ngazi nne za msimu mrefu: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Anayeingia chini humsukuma aliye juu yake. Raundi zikiongezwa hadi 40 na timu zikabaki zilezile, kompyuta itawaachisha vijana wa miaka 20 ambao hawajapata hata zamu za kutosha za kushika gongo. Zikipunguzwa mno, ngazi za chini hukauka.

Kisha huja ukomo wa umri, na hapo mkono unatakiwa uwe mwepesi. Pasipo ukomo, mtu mzima wa miaka 29 hukaa Single-A akiwachapa watoto, na takwimu zake hazimfai skauti yeyote. Ukibanwa sana, wanaochelewa kukomaa hufukuzwa kabla ya wakati wao. Na hata anayedharauliwa mwanzoni huweza kung'aa: Mike Piazza alichaguliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, na mwaka 2016 akaingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Fundi anayemkumbuka Piazza hakazi kamba ovyo.

Ninachokipenda zaidi ni subira yake. Huhifadhi nakala ya ligi, hubadili jambo moja tu, kisha huiacha kompyuta ichezeshe misimu kumi. Ikimaliza, hupita ngazi kwa ngazi: wastani wa umri ni upi, vijana wa miaka 19 wamepata zamu ngapi, nani amekwama wapi. Umri wa Double-A ukiwa umepanda, anajua juu kumeziba. Hurudi kwenye nakala yake, hupunguza ukomo wa Triple-A kwa mwaka mmoja, na kuianza upya misimu ile kumi.

Siku moja mrushaji wa miaka 24 hupandishwa ligi kuu. Ukiufungua ukurasa wake utasoma safari nzima: msimu wa kuhangaika Single-A, miwili ya kujifunza, jeraha, kurudi, kung'aa. Kila mstari ulihitaji nafasi iliyo wazi mwaka ule, na fundi ndiye aliyeiacha wazi.