Dhana ya Nyumbani katika Simfonia ya Tatu ya Rachmaninoff: Usomaji kutoka Mudende

Simfonia ya Tatu ya Sergei Rachmaninoff imezoeleka kusikilizwa kama kilio cha mtu aliyepoteza nchi. Usomaji huo una ushahidi wake. Mtunzi aliondoka Urusi mwishoni mwa 1917, na tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1943 alikamilisha tungo kubwa sita tu. Simfonia hii, aliyoiandika Uswisi kando ya Ziwa Lucerne mwaka 1935 na 1936, inafunguliwa na kiini cha sauti chache, zinazosogeleana mithili ya wimbo wa kanisani.

Hata hivyo, kiini hicho hakiombolezewi, kinafanyiwa kazi. Katika sehemu ya pili mwendo wa taratibu unapasuliwa katikati na mwendo wa kasi, wenye ukali wa gwaride, na utulivu unaporejea hauna tena ule uhakika wa mwanzo. Ala nazo zinatumiwa kwa ubahili ambao Simfonia ya Pili, iliyokamilika mwaka 1907, haikuujua. Ilipopigwa kwa mara ya kwanza Philadelphia, Novemba 1936, chini ya Leopold Stokowski, haikupokelewa kwa shangwe. Pengine mgeni huyo alitarajiwa alie, naye akaleta hoja.

Mudende, suala hili si la wapenzi wa muziki peke yao. Mwaka 1997 kambi ya hapo, ya wakimbizi wa Kitutsi kutoka Kongo, ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba. Walionusurika wakahamishiwa Gihembe. Walizungumza Kinyarwanda, lugha ya wenyeji wao, lakini kwao kulikuwa ng'ambo ya mpaka. Kwa Cécile Kayirebwa, aliyehamia Ubelgiji mwaka 1973, ng'ambo ilikuwa Rwanda yenyewe, na ndilo jina aliloipa albamu yake ya 1994. Nchi moja, basi, ni ugenini kwa hao na nyumbani kwa huyu.

Sera inayomtaka mkimbizi aimbe asili yake tu, jinsi alivyokuja nayo, inamnyima haki ya kutunga, hata ikiitwa uhifadhi. Rachmaninoff hakukubali kufungwa hivyo: aliipitia upya simfonia yake mwaka 1938, na mwaka uliofuata akairekodi, akiiongoza mwenyewe okestra ileile ya Philadelphia.