Haya si Aibu: Neno Moja katika Utengano

Katika mijadala yetu ya Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, husikika sana kauli kwamba Maimuna "amepoteza haya". Nionavyo mimi, kauli hiyo inamhukumu Maimuna kwa kipimo cha baba yake. Hebu tuanze na neno lenyewe.

Siku hizi haya na aibu hutumika kama pacha. Mtaani, "hana haya" na "hana aibu" ni tusi lile lile. Lakini asili yake si moja. Aibu ni dosari, na dosari huhitaji jicho la kuiona. Ndiyo maana wahenga wakasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu hufichwa, hufichuliwa, na mtu hutiwa na wengine. Haya huwa moyoni. Kumwonea mtu haya ni kujizuia kumtenda jambo kwa kuwa unamstahi, hata pasipo na shahidi.

Sasa tumtazame Bwana Maksuudi. Anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna, ati kwa ajili ya heshima. Tamima anapojifungua kwa msaada wa Bi Farashuu, mkunga aliyeingia bila ruhusa ya mume, malipo yake ni kipigo na talaka. Na mlinzi huyo huyo wa heshima ndiye aliyemdhulumu Mwanasururu mali yake, ndiye anayemwendea Kazija kwa siri. Je, yuko anayemwonea haya? Hayuko. Anachokichunga ni aibu, yaani macho ya watu. Kazija analijua hilo. Anapotaka kumkomesha hamhubirii. Anamkutanisha tu na mwanawe Mussa, basi.

Na Maimuna je? Haya ni kujizuia, naye hakupata kujizuia hata siku moja, maana alizuiwa. Kufuli haifunzi haya. Anapotoroka na kuishia Rumbalola, hapotezi alichokuwa nacho, anakosa asichofunzwa.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi mwenyewe anamwadhibu. Kweli, mateso yake ni mengi. Lakini hamrudishi kifungoni. Anampa maisha mapya na Kabi, mtu anayemtazama kama mtu.

Basi wenzangu, tunapoandika "hana haya" katika insha zetu, tuhakikishe tumemtaja anayestahili. Katika Utengano, huyo si Maimuna.