Utenzi, Sauti na Mtambo

Vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wahadhiri wengi walihamia mtandaoni bila ya maandalizi ya kutosha. Semina za kuwaauni zilifuata, lakini mara nyingi mtambo ulitangulizwa na somo likabaki nyuma. Mhadhiri wa fasihi hufunzwa pamoja na mwenzake wa kemia namna ya kuweka faili katika Moodle, kisha kila mmoja akaachwa ajiongoze.

Upungufu wa msaada wa aina hiyo hudhihirika utungo mahsusi unapofundishwa. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 kwa lahaja ya Kiamu, ukaandikwa kwa hati za Kiarabu. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Mizani hizo ni hesabu ya sikio. Tena, kwa desturi ya zamani, hati hizo hazikutenga wazi irabu e na i, wala o na u. Msomaji alizibainisha kwa kuijua lugha na kwa kuusikia utenzi ukisomwa kwa mahadhi. Mhadhiri awekapo mtandaoni nakala ya hati za Kirumi peke yake, huwa amempa mwanafunzi nusu ya utungo.

Wako wadaio kwamba mitambo huua sanaa ya sauti. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukimya huo uliingia madarasani pamoja na kitabu cha chapa, kabla ya kompyuta. Kinyume chake, mtambo waweza kubeba kwa pamoja sauti ya msomaji, picha ya hati na chapa ya kisasa, mwanafunzi akasikiliza huku akiufuata ubeti, na akarudia apendapo.

Hata hivyo, kurekodi kwahitaji muda, fundi wa sauti, na idhini ya msomaji pamoja na malipo yake. Mhadhiri aliyelemewa na mitihani ya kusahihisha hawezi kuyapata hayo peke yake. Kwa hivyo, idara ipimayo mafanikio kwa wingi wa faili haijamsaidia. Ni wajibu wake kwanza kumwuliza somo lake lahitaji nini, kisha impunguzie vipindi ili apate kulitengeneza.