Kimea Kidogo, Chungu Kikubwa

Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikaota, kisha ikakaushwa kabla mche haujapata nafasi ya kuila akiba yote iliyomo katika punje. Maelezo haya ni mafupi, lakini ndani yake mna ustadi mzima ambao wapika pombe wa Masasi na Newala, wengi wao wanawake, wameushika kwa mikono na kurithishana kwa kutazamana, na ambao watu wa Ulaya na Marekani wanaojipikia bia nyumbani wameurudia kwa njia nyingine walipochoka na ladha ya kimea cha kopo. Sehemu moja ya ustadi huo inastahili sifa ya pekee, nayo ni kutumia kimea kidogo kuamsha wanga mwingi usioota.

Kiswahili kimemkumbuka mgema kuliko mpika pombe. Mgema ana methali yake, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Mpika pombe ya nafaka hana methali yenye umaarufu huo, ingawa kazi yake ni ngumu zaidi. Tembo hushuka mnazini likiwa tamu tayari. Bibo nalo, tunda la mkorosho ambalo msimu wa korosho hukamuliwa likawa uraka, lina sukari yake tangu mtini, na hamira iliyo kwenye ganda lake huanza kazi bila kuombwa. Nafaka haiko hivyo. Punje ya mtama au ya hindi imeufungia utamu wake ndani ya wanga, yaani mnyororo mrefu wa chembe za sukari ambao hamira haina uwezo wa kuutafuna, na asipopatikana wa kuukata mnyororo huo, uji utabaki uji mpaka uvunde.

Anayeukata ni kimeng'enya, kitu kinachotengenezwa na punje yenyewe inapoota ili kumlisha mche wake. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitoa kitu hicho katika kimea cha shayiri wakakiita diastasi, na tangu hapo wanasayansi wamekigawa katika aina kadhaa, zikiwamo amilasi alfa, ambayo huukata mnyororo wa wanga popote pale katikati, na amilasi beta, ambayo huumega kutoka mwisho, kipande kwa kipande, na kutoa sukari inayoliwa na hamira. Majina hayo ni mapya kwa historia ya chakula. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko maandishi.

Katika vijiji vya Masasi na Newala, mkoani Mtwara, nafaka ya kimea huwa mtama au ulezi. Punje hulowekwa usiku kucha, huchujwa maji, hutandazwa na kufunikwa, kisha hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa siku mbili hadi nne, mpaka vimizizi vyeupe vishikane na tabaka zima liinuke kama kipande cha mkeka. Kugeuza huko si kazi ya kupitisha muda, kwa sababu nafaka inayoota hutoa joto lake yenyewe, na ikiachwa imerundikana hujichemsha katikati, ikaota ukungu na kunuka. Mkono ukiingizwa chini ya kifuniko siku ya pili hukuta vuguvugu kama la mnyama aliyelala, na kwa vuguvugu hilo mpishi hujua kama tabaka litapunguzwa unene au litaachwa. Baadaye kimea huanikwa juani, husuguliwa ili vimizizi na machipukizi vidondoke, ndipo kitwangwe. Usuguaji huo una faida isiyoonekana kwa macho: chipukizi changa la mtama hubeba kiini kinachoweza kutoa sumu ya sianidi, ndiyo sababu ng'ombe hudhurika wakila mtama mchanga shambani, na kukausha, kusugua na kupika hupunguza hatari hiyo. Kuanika juani badala ya kukaanga nako kuna maana yake, kwani jua hukikausha kimea bila kukiua, ilhali moto mkali hukipa rangi na harufu nzuri lakini huharibu vimeng'enya vyote.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye moto. Wanga wa mtama na wa mahindi haufunguki mpaka upikwe kwa joto linalopita nyuzi 70 za Sentigredi. Chini ya hapo punje za unga hubaki ngumu na kimeng'enya hakipati pa kushika. Kimeng'enya chenyewe, kwa upande wake, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70, na joto likizidi sana hapo hufa. Mpika bia wa Ulaya hakuwahi kusumbuliwa sana na jambo hili, kwa sababu wanga wa shayiri hufunguka kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, wakati kimeng'enya bado kingali hai, na hivyo anaweza kukitia kimea chake chote katika maji ya moto, akakifunika kwa saa moja, na kukuta maji matamu. Mpika pombe wa Masasi hana neema hiyo. Analazimika kupika kwanza uji wa unga usioota mpaka uive kabisa, kisha auache upoe kiasi, asiwahi akakiunguza kimea wala asichelewe mno, ndipo atie unga wa kimea na kukoroga. Tatizo ambalo mimea ya tropiki imemwekea linamtaka ajue halijoto mbili katika chungu kimoja, naye amelitatua bila kipimajoto, kwa mkono, kwa mvuke na kwa namna uji unavyouacha mwiko.

Matokeo yake yanaonekana papo hapo, na pengine hakuna jambo jingine jikoni linalofanana nalo. Uji mzito, ambao mwiko ulikuwa ukisimama ndani yake na kuacha mfereji nyuma yake, huanza kulegea dakika chache baada ya kimea kuingia. Mfereji hujifunga mara moja, mwiko hulala ubavuni, na kinachochotwa kwa kata hutiririka kama maziwa. Maji hayakuongezwa hata tone. Kimea, ambacho ni sehemu ndogo tu ya unga wote, kimekata minyororo iliyoushikilia uji ule. Kikitiwa kwa kipimo na kuachwa usiku, uji huo huwa togwa, kinywaji kitamu chenye uchachu wa bakteria wa asidi ya laktiki, ambacho hunywewa na watoto na wazee na hata na wasiogusa kileo. Ukiachiwa hamira siku kadhaa zaidi huwa pombe. Njia ni moja mpaka karibu na mwisho, na katika eneo lenye Waislamu wengi, na lenye Wakristo wa misheni iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876, si jambo dogo kwamba ustadi uleule huhudumia nyumba zote.

Wataalamu wa lishe nao waliliona jambo hilo la kimea kuulegeza uji. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha utafiti wao kuhusu unga wa nafaka iliyooteshwa katika chakula cha watoto: uji mzito wenye nguvu ya kutosha mtoto mdogo hawezi kuumeza, na uji mwepesi anaoweza kuumeza haumshibishi, lakini kimea kidogo huulegeza uji mzito bila kuupunguzia chakula. Ujuzi wa kilabuni uliingia kliniki kwa heshima, kama ulivyostahili.

Wapika bia wa nyumbani wa Ulaya walikifikia kimea kwa njia yao. Nchini Uingereza, mwaka 1963 Waziri wa Fedha Reginald Maudling aliondoa sharti la leseni kwa watu wanaojipikia bia nyumbani, na biashara ya makopo ya shira ya kimea ikastawi. Shira hiyo ni maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyopunguzwa maji mpaka yakawa mazito kama asali, mara nyingi yakiwa yameshatiwa hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambayo huipa bia uchungu wake. Mnunuzi huifungua, huitia maji, sukari na hamira, na baada ya siku chache ana lita 23 za bia. Ni njia halali na haina aibu yoyote, lakini sukari tupu huacha bia nyepesi isiyo na mwili, na shira iliyokaa dukani hupoteza uhai wa nafaka. Ndipo wengine walipoanza kuiacha ile sukari na badala yake kuloweka kilo moja au mbili za kimea kwa saa moja katika maji ya nyuzi 65 hadi 68, wakayachuja maji hayo na kuyachanganya na shira ya kopo. Kopo huwapa uhakika, na kimea cha mkononi huwapa harufu na uzito. Akitaka kuongeza unga wa mahindi, mpishi huyo naye hukutana na somo la Masasi: hana budi kuupika kando kwanza, kisha aukabidhi kwa kimea.

Afrika Mashariki haikuhitaji kopo ili kuujua mchanganyiko wa namna hii. Wachaga wa Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, huziacha zichache, huzichuja, kisha huunganisha maji yake na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi, wakapata mbege. Ndizi ndiyo sukari iliyo tayari, ulezi ndio mwili. Magharibi mwa Kenya, busaa hutokana na donge la unga wa mahindi lililochachushwa, likakaangwa kwenye bati, kisha likatiwa kimea cha ulezi au cha mtama. Viwanda vilichelewa kufika hapo: bia ya Eagle ya Uganda, inayotumia mtama wa humohumo nchini, ilianza kuuzwa mwaka 2002.

Sifa hizi zina mipaka. Gongo, pombe kali ya kukeneka ambayo katika maeneo haya huitwa pia nipa, ni kazi nyingine kabisa, na kuitengeneza bila leseni ni kosa kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1966. Nafaka iliyolowa mafuriko au kuota ukungu pia haisafishwi na uchachu: mwezi Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani, na uchunguzi ulionyesha sumu ya bakteria iliyozaliwa katika unga wa mahindi ulioharibika. Mpishi anayelitupa debe zima la nafaka kwa sababu ya harufu asiyoipenda analinda watu, hata kama anapoteza fedha.

Juu ya Uwanda wa Makonde, iliko Newala, ustadi huu ulikuwa na bei nyingine, nayo ni maji. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, chemchemi ziko chini kwenye miteremko, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950, kila ndoo ya kuloweka, ya kupikia na ya kuoshea vyungu ilipandishwa kichwani. Pombe ya jando au ya unyago ilibeba mzigo huo wa wanawake kabla ya kumfikia mnywaji wa kwanza.

Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, na kitabu chake kina picha za mwanamke wa Kimakua akifinyanga chungu, hatua kwa hatua, tangu bonge la udongo. Kimea kinachoingia katika chungu hicho kinastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule, kwa Kiswahili, pamoja na majina ya kienyeji ya kila hatua, wakati wanaokijua kwa kukigusa bado wapo. Mtama huchukua siku mbili hadi nne kuota, na muda huo unamtosha mwalimu au mwanafunzi yeyote wa Masasi na Newala kuketi kando ya mpishi, kuuliza na kuandika.