Je, Mchezaji wa Teatre Anadaiwa Salamu?

Jioni moja, hapa Goma, mimi na walimu wenzangu wawili tulienda kuangalia mchezo wa teatre. Ulikuwa juu ya mjane ambaye wakwe zake wanamnyang'anya shamba. Binti aliyecheza mjane huyo alitutoa machozi. Mchezo ulipoisha, watu wengi walibaki ku mlango wakimngoja, karibu nusu saa nzima. Alipotokea, alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, akasema "aksanti" moja tu, akapanda pikipiki, akaenda zake. Makelele yakaanza hapo hapo: "Anajivuna! Sisi njo tulimulipa, hata kutusalimia tu anakatala?" Mwenzangu mmoja naye akaongeza: "Mwalimu, mila yetu imekufa. Mtu anatoka mbele ya watu bila kuwasalimia, uliona hiyo wapi?"

Ubishi huo ulitufuata mpaka nyumbani. Neno "mila" lilitumiwa jioni ile sawa rungu la kumpiga binti wa watu. Kwa sababu kitabu chetu hiki kinazungumzia mila, naomba tuulize mila yenyewe inasema nini.

Kwanza, ni nani anayemsalimia mwingine? Kila mtoto aliyelelewa vizuri hapa Kivu anajua jibu. Yule anayefika ndiye anawasalimia aliowakuta wameketi. Mgeni hasemi shida yake kabla ya salamu. Na yule anayeondoka, huyo anaaga. Haondoki kimya kimya kama mwizi, lakini pia haendi kumshika kila mtu mkono mmoja mmoja kama watu ni mia mbili. Anasimama, anaonekana, anasema neno kwa wote, na wote wanamwitikia.

Basi tukiangalia vizuri, watu wa ku mlango walikuwa wanadai kitu kimoja kwa jina la kingine. Walisema "salamu", lakini kilichowauma ni kwamba hawakuagwa. Tofauti hiyo si ndogo, na nitairudilia.

Pili, tuwaangalie wasanii wa zamani. Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka wa 1956, kwa Wanyanga wa upande wa Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia hadithi ndefu ya shujaa Mwindo muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliiandika, wakaitoa kama kitabu mwaka wa 1969, na leo inasomwa katika vyuo vikuu vya ulimwengu. Mzee yule hakusimulia tu. Aliimba, alicheza ngoma, aliigiza kwa mwili wake. Wasikilizaji waliitikia nyimbo, na katikati ya kazi walimpa zawadi, chakula na pombe. Kazi ile haikuwa na mlango wa nyuma. Msanii na watu wake walikuwa wanapeana tangu mwanzo mpaka mwisho, na ilipofika jioni kila mtu alijua kwamba amepokea na ametoa.

Teatre tuliyoipata kwa njia ya misioni na shule ni kitu kingine. Ina jukwaa la juu, ina tiketi, ina giza upande wa watazamaji. Mchezaji hatuoni, na sisi hatuna ruhusa ya kumjibu. Tunabeba aksanti yetu ndani ya moyo saa moja na nusu bila mahali pa kuiweka. Si ajabu tukienda kumngojea ku mlango! Mwenzangu alikosea aliposema mila imekufa. Mila ilikuwa inatafuta pa kutokea.

Tatu, na hapa ninasema juu ya kosa langu mwenyewe. Miaka fulani nilipanga mchezo kwa sikukuu ya shule. Mwanafunzi wangu mmoja alicheza mtu wa bunduki anayepora mbuzi za wakulima. Alicheza vizuri mno. Mchezo ulipoisha umeme ukakatika, tukawatoa watoto haraka, na sikuwaita wachezaji mbele ya watu. Kwa majuma mengi kijana yule aliitwa mtaani kwa jina la yule mporaji. Mama mmoja muuza makala alikatala hata kumuuzia. Wazazi wake walikuja kuniuliza: "Mwalimu, ulimfanya nini mtoto wetu?" Sikuwa na jibu.

Hapo nilifahamu kuaga kunafanya kazi gani. Mchezaji anaporudi jukwaani, jasho usoni, akiwa amemshika mkono yule aliyetoka kumpiga sasa hivi, anatuambia: yule alikuwa mchezo, mimi ni mtoto wa jirani yenu. Katika mji wetu, ambamo watu wameona bunduki za kweli, jambo hilo ni la lazima. Bila hilo, mtazamaji anabeba hasira ya mchezo mpaka nyumbani, na mchezaji anabeba uso usio wake.

Jina pia linaweza kumshika mtu. Kule Lubumbashi, Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la mchezaji mmoja, likawa jina la kikundi kizima kilichocheza kwa Kiswahili cha kule. Ni kikundi hicho kilichotunga mwaka wa 1986 mchezo juu ya utawala, ambao Johannes Fabian aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 1990. Kwa mchekeshaji, kuitwa kwa jina la jukwaani ni sifa. Kwa aliyecheza mporaji ni mzigo. Ndiyo maana napenda wachezaji watajwe kwa majina yao ya kweli mwisho wa mchezo.

Lakini kushikana mkono, picha, maongezi ku mlango, je, ni deni pia? Hapana. Kule London na New York wapenzi wa teatre wamezoea kungoja ku mlango wa wachezaji ili waandikiwe jina kwenye karatasi ya programu. Tarehe 12 mwezi wa tatu 2020, majumba ya Broadway yalifungwa kwa sababu ya Korona. Yalipofunguliwa tena mwaka wa 2021, desturi ile ilikatazwa ili kulinda afya. Watu waliingia hata hivyo, wakapiga makofi, wakarudi kwao. Na sisi tulikuwa tumejifunza somo hilo mbele yao. Ebola ilipofika Goma mwezi wa saba 2019, tulinawa mikono kila mahali, tukaacha kushikana mikono, tukagusana viwiko. Je, tuliacha kusalimiana? Hata siku moja. Tulijua kwamba salamu haikai ndani ya kiganja.

Tena tusifichane. Wengi wanaomngojea mchezaji wa kiume wanataka kumsifu. Wanaomngojea binti, si wote wana nia hiyo. Kuna anayetaka namba ya simu, kuna anayeshika mkono na hauachi, kuna anayesema "nililipa" kana kwamba tiketi ilinunua mtu. Tiketi ililipa mchezo, basi. Binti yule alikuwa na njia ya kwenda, usiku ulikuwa umeingia, na nani kati yetu angemsindikiza mpaka kwao? Wahenga walisema heshima si utumwa.

Sasa nirudi ku mchezo wenyewe, maana hukumu lazima itolewe. Mwisho wake ulikuwa hivi: mjane anaanguka juu ya mchanga wa shamba lake, taa zinazimwa, basi. Wachezaji hawakurudi. Naona kiongozi wa kikundi alitaka tutoke na kilio kile masikioni, na kama mtu wa sanaa ninamfahamu. Lakini alitunyima kitu, na deni lake likaangukia kichwa cha binti ku mlango. Kosa lilifanyika jukwaani. Ni yeye aliyepaswa kuwasha taa tena, kumsimamisha mjane pamoja na wakwe waovu, na kuwataja wote kwa majina yao. Dakika tatu zingetosha. Kilio chetu kisingepungua, na watu wasingebaki wakingojea ku mlango.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikundi na walimu wenzangu wanaotayarisha sikukuu za shule: msifunge mchezo bila kuaga. Na sisi watazamaji, tukishaagwa, tuitikie kwa nguvu, tusimame kama inafaa, kisha tuwaachie njia. Mchezaji akipenda kukaa kuongea nasi, hiyo ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Mwenzangu yule nilimsomea kurasa hizi kabla ya kuzitoa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sawa, Mwalimu. Lakini siku nyingine, aksanti yake nitaiitikia."